Jogoo wa Mavuno na Mizizi ya Lameki

Mkuu wa kitalu aliniomba, kabla sijakabidhi funguo za stoo, niwaandikie ninyi vijana kurasa mbili za mwongozo wa kupambana na wadudu wa mizizi kwenye maua ya vyungu. Alitaka vichwa vya habari, vidoti na mchoro. Vidoti vimenishinda, na mchoro wangu wa funza mjukuu wangu aliutazama akaniuliza kwa nini nimechora ndizi. Kwa hiyo nawaandikia ninavyoweza, tangu mwanzo, na mwenye kutaka vidoti ataviweka mwenyewe.

Vyeo sitavitaja. Nilivyopata vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na ufunguo mwingine tu wa kupoteza. Mishahara mnaijua.

Mimi ni mzaliwa wa Mbalizi. Siku ya kwanza kazini, kwenye kitalu cha Mbeya mjini, nilifika na suruali iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama yenyewe. Mama alikuwa ameambiwa nimepata kazi, akaelewa kwamba nimepata ofisi. Aliyenipokea ni Mzee Luvanda, Mhehe wa Iringa, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Akanisalimu, "Kamwene." Nikamjibu, "Ugonile, mzee." Tangu siku hiyo kila mmoja alibaki na salamu ya kwao, na kazi ikaenda.

Alinipa chungu chenye ua lililonyauka, akaniuliza linaumwa nini. Nikalitazama majani kwa makini, nikakunja uso kama daktari, nikasema halijapata maji.

"Nyie watu wa Mbeya mvua imewaharibu," akasema. "Kila kitu kwenu ni maji."

Akachomoa mwiko wa ugali kiunoni, akakigeuza chungu chini juu, akakigonga kitako mara mbili. Ua likatoka na udongo wake wote, zima, kama keki. Kwenye mizizi kulikuwa na vidudu vyeupe, vimejipaka kitu mithili ya unga wa sembe, vimekaa kwa raha zao vikinyonya. Sikuwa nimewahi kuviona, na nilikuwa na cheti.

"Kijana," akaniambia, "ua ikiumwa usiangalie uso. Angalia miguu."

Hilo ndilo somo lote. Mkishalielewa mnaweza kuacha kusoma hapa. Mimi lilinichukua miaka, na siku hiyo ya kwanza nilimaliza jioni nikiwa nimepiga magoti mbele ya beseni, naosha mizizi ya ua moja baada ya jingine, suruali ya pasi imelowa hadi mapajani. Mama alinipokea mlangoni akanitazama, akaniuliza kama ofisi ilikuwa imefurika.

Vifaa vyetu vilikuwa vinne. Wa kwanza ule mwiko, ambao mke wa Mzee Luvanda aliutafuta kwa miaka na mimi nikashirikiana naye kuutafuta kila nilipoenda kwao kula. Pili, uma wenye meno matatu, wa kutoa funza mmoja mmoja. Tatu, kioo cha miwani iliyovunjika, cha kukuzia vidogo. Nne, nusu pipa la kupikia udongo. Siku hizi mna vipima unyevu vyenye betri. Vizuri, lakini mwiko haujawahi kuishiwa chaji.

Kesi yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa ofisi moja ya ghorofa pale Mbeya, ambayo sitaitaja kwa sababu bado wananipa lifti. Kila ua walilonunua lilikufa ndani ya miezi miwili, na nzi wadogo weusi walikuwa wanaingia kwenye vikombe vyao. Niliwauliza wote waliokuwepo kama kuna anayemwaga chai kwenye chungu. Wakaapa hakuna, mmoja kwa jina la marehemu bibi yake. Nikatandika gazeti, nikakigeuza chungu mbele yao. Udongo ulinuka tangawizi. Humo tukakuta majani ya chai, nusu kitumbua, vifuniko vya soda, na ufunguo wa kabati la mafaili ambalo walikuwa wameshalivunja kwa nyundo mwaka uliotangulia. Mabuu ya wale nzi yalikuwa yamejaa kwenye mizizi, yananenepa kwa sukari ya ofisi. Dawa yake si ngumu: acha udongo ukauke, tandaza mchanga mkavu juu yake unene wa kidole, na chungu kihamishwe mbali na birika. Yule wa bibi hakuninyanyulia uso hadi naondoka.

Kesi ya pili nitakayoisimulia ni ya Igawa, kwa mama mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Maua yake kwenye vyungu vya veranda yalikuwa yamedumaa, na mizizi imejaa vifundo kama shanga. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo ambao hata kile kioo chetu hakikuwaona. Udongo wa namna hiyo hausemeshwi, unapikwa. Tunauloanisha kidogo, tunaujaza kwenye nusu pipa, tunafunika kwa gunia bichi na kuwasha moto chini. Ili kujua kama joto limefika hadi katikati, Mzee Luvanda alikuwa na utaalamu wake: anafukia viazi mviringo ndani ya udongo. Kiazi kikiiva, na udongo umeiva.

Sasa chukueni picha hiyo muiweke kando ya barabara, mchana, pipa linatoa mvuke, harufu ya viazi imetanda, na sisi wawili tumevaa aproni. Basi la kutoka Mbeya likasimama. Abiria wakashuka, wakapanga foleni.

"Mzee, kinachopikwa ni nini?" akauliza wa kwanza.

"Hii ni udongo," akajibu Mzee Luvanda.

"Sawa. Na mboga yake?"

Tulieleza, hatukueleweka. Jamaa mmoja aliyeshuka na fimbo ya kuchungia, anaelekea kwa ndugu zake wenye ng'ombe bondeni Usangu, akafunua gunia mwenyewe. Akachimba kwa ile fimbo, akaibua kiazi, akakipuliza, akatoa chumvi mfukoni na kukila pale pale. Sisi tukawa tunamtazama mdomoni.

"Kimeiva," akasema.

Basi tukautoa udongo motoni. Abiria walikula vipimo vyetu vyote, na pipa la pili ilibidi tulikisie.

Baadaye tulihamishiwa Iringa wote wawili, Mzee Luvanda akifurahi kurudi kwao na mimi nikilalamikia baridi, kana kwamba nilitoka Tanga. Alistaafu huko, akajenga karibu na kanisa la Kilutheri nje kidogo ya mji. Siku ya kuagwa alinikabidhi mwiko, ukiwa umefungwa kwenye gazeti ili mkewe asiuone. Nililia, na sioni aibu kusema. Miezi michache baadaye akaja Bibi Agnesi.

Bibi Agnesi alikuwa mjane, mwembamba, mwenye bakora na macho yanayoona kila kitu. Alifika kitaluni na debe kuukuu la mafuta ya kupikia lenye mwaridi mkubwa, matawi yamejaa lakini majani yanapukutika.

"Huyu ni Lameki," akaniambia.

Nikadhani ananitambulisha kwa mtu, nikageuka nyuma kumsalimu.

"Lameki ni mume wangu," akasema Bibi, akilionyesha debe. "Alinipandia hili ua mwaka tuliooana. Alipofariki nikalihamishia jina. Naongea naye asubuhi, ananisikiliza vizuri kuliko zamani." Kisha akanishika mkono, na utani ukamtoka sautini. "Baba, Lameki nimeshamzika mara moja. Mara ya pili siwezi."

Niliahidi. Nilisema, na maneno haya yaliniuma kwa miaka, kwamba Lameki hatatoka machoni pangu hadi apone.

Nikaligeuza debe chini juu. Funza weupe, wanene, wamejikunja, wenye vichwa vya kahawia, wamejaa kwenye mizizi. Kumbe shemeji yake Bibi alikuwa amemletea zawadi ya samadi kutoka Usangu, mbichi, nayo akaijaza kwenye debe kwa upendo. Mbawakawa hutaga mayai kwenye samadi isiyoiva, na mayai hayo ndiyo yanayozaa wale funza. Kumbukeni: samadi ya ndugu nayo huiva kwa miezi ile ile.

Nilimpogoa Lameki hadi akabaki vijiti vitatu. Debe lilikuwa limetoboka kwa kutu, nikamhamishia kwenye ndoo nyeusi ya plastiki. Nikatoa funza kwa uma. Wiki iliyofuata wako pale pale, wadogo zao wamekua. Nikamwagia maji ya majani ya utupa, ule mmea wa kuulia samaki, yaliyotwangwa, wakalegea siku mbili, wakaamka. Nikatega vipande vya kiazi kibichi. Wakala kiazi, kisha wakarudi kwenye mizizi kama watu waliotoka kwenye vitafunio wanakwenda kwenye ubwabwa. Kuiosha mizizi yote niliogopa, kwa sababu ilikuwa ya kizee na ilikuwa imeshikana na ule udongo hadi sikujua kipi ni kipi. Bibi alikuwa anapiga simu kila Jumatano.

"Lameki anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Bibi."

"Anakula?"

Analiwa, nilitaka kusema. "Anakula," nikasema.

Jumapili moja nikaamua kumpeleka kwa Mzee Luvanda. Nilifika mtaani kwake nikakuta mlango umefungwa, wako ibadani. Nikaenda kanisani na ndoo yangu. Mlangoni palikuwa na mizigo mingi: mahindi, maboga, mayai kwenye bakuli, kuku waliofungwa miguu. Mama mmoja mwenye kitambaa cheupe akaniambia, "Weka hapo na vingine, baba. Mungu akubariki." Nikaweka. Niliona ni ukarimu wa watu wa Iringa, wana hata sehemu ya kuachia mizigo. Nikakaa benchi la nyuma, nikasinzia.

Ninyi wenyeji mmeshajua. Mimi siku hiyo nilisahau kabisa kwamba ni Jumapili ya mavuno, na kilichowekwa mlangoni ni sadaka, na sadaka hiyo baada ya ibada hupigwa mnada nje.

Niliamshwa na makofi. Nikatoka. Mwalimu Chaula, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu mwenye sauti ya paredi, alikuwa amesimama nyuma ya meza, na juu ya kichwa chake ameinua ndoo nyeusi yenye vijiti vitatu.

"Ua la kisasa hili!" anasema. "Majani yanakuja nyuma! Nani anaanza?"

Na mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, amekaa Bibi Agnesi.

Ningesema nini? Niseme, ndugu zangu, mnayemuuza ni mume wa Bibi? Nikaona njia ni kununua kimya kimya, nikanyoosha mkono. Hapo nikaharibu. Watu wakageuka, wakanong'ona kwamba bwana maua wa kitaluni analitaka, basi lina kitu. Kwaya wakachanga, wakapanda dau. Nikapanda, wakapanda. Mfuko wangu ukaisha, kwaya bado wanaimba.

Ikabaki njia moja, kulichafulia jina. Nikapita katikati ya watu, nikaichukua ndoo mikononi mwa Mwalimu Chaula, nikachomoa mwiko kiunoni, nikaigeuza na kuigonga.

"Lina funza!" nikapiga kelele. "Tazameni! Msinunue!"

Lameki akatoka mzima, na funza wakamwagika kwenye nyasi mbele ya usharika wote.

Jogoo mwekundu, naye ni sadaka, alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Alipowaona wale funza hakungoja kuuzwa. Alivuta kamba, meza ikavutika, bakuli la mayai likaanguka, na yeye akawa ameshameza wa kwanza. Kuku wengine wakaja kwa kurukaruka, miguu imefungwa pamoja.

"Jogoo naye amepanda dau!" akasema Mwalimu Chaula.

Watu walicheka hadi mchungaji akaketi chini. Mzee Luvanda akatokea sijui wapi, na kofia yake. Akachuchumaa, akamshika Lameki kwa vijiti, akawa anamzungusha taratibu mbele ya jogoo kama mtu anayechoma hindi.

"Hapa bado," anamwambia jogoo. "Na huku. Ngoja, usichubue." Kisha akaninong'oneza, "Ni nani huyu?"

"Lameki wa Bibi Agnesi."

Akanitia vijiti mkononi. "Zungusha wewe," akasema. "Mimi naishi hapa."

Kwa muda mfupi jogoo alifanya kilichonishinda kwa wiki nne. Kwa kucha na mdomo alipembua ule udongo wote, na mizizi ikabaki mitupu, ikivuja utomvu kidogo, lakini safi. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, na aliyeifanya jioni yake aliliwa na wageni.

Ndipo Bibi Agnesi akainuka kwa bakora yake. Akataja bei moja tu, nzito, kwaya wakanyamaza. Mwalimu Chaula akagonga meza. Sasa, kwa desturi ya minada ile, mnunuzi anaweza kutangaza anayemzawadia alichonunua. Bibi akanyoosha bakora kwangu.

"Nampa yule kijana," akasema, nami nilikuwa na wajukuu. "Ndiye ananiuguzia Lameki wangu."

Vigelegele vikapigwa. Ilibidi nicheze kwenda mbele, kama wanavyofanya wanaopewa zawadi. Nikacheza, nimemkumbatia mume wa mtu kwa mizizi, jasho linanitoka.

"Na Lameki anaendeleaje?" akaniuliza, mbele ya wote.

"Vizuri, Bibi."

"Nitakuja kumchukua Krismasi."

Miezi iliyofuata nililala kidogo. Nilipika udongo kwa viazi vyake, nikachanganya samadi ya zamani, nikamweka kivulini na kumfunika na mfuko mweupe. Niliogopa kwa kweli, si kwa ajili ya kazi yangu. Nilikuwa nasikia ile sauti, mara ya pili siwezi. Kijiti cha kwanza kilikauka, cha pili kikakauka. Cha tatu, asubuhi moja ya mvua, kilitoa chipukizi jekundu dogo kama ncha ya penseli. Nilimpigia simu Mzee Luvanda, nikashindwa kusema. "Nimeelewa," akasema, "funga simu ukafanye kazi."

Lakini kwa hesabu ya Bibi maua yalikuwa mawili: mume wake, na zawadi aliyonipa. Basi alipopata nguvu nilikata kipandikizi kutoka kwa Lameki, nikakipanda kwenye ile ndoo nyeusi. Lameki mwenyewe nikamrudisha kwenye debe lake, nililoliziba kwa lami. Krismasi Bibi akamchukua, akiwa na ua moja. Alilinusa, akasema tu, "Amekonda." Kila tulipokutana baada ya hapo aliniuliza habari za zawadi yake, nami nikamwambia ipo, inakua. Mzee Luvanda alifariki akiwa hajaitoa siri ile.

Mwezi uliopita mliniaga hapa kitaluni kwa soda na ndizi za kuchoma. Mliona jinsi Bibi Agnesi alivyoletwa na gari la mjukuu wake, ameshikwa pande mbili. Hamkusikia tulichoongea, kwa sababu mlikuwa mnagombania spika. Nilimsogezea kiti, na kwa kuwa nilikuwa nastaafu nikaona nistaafu na uongo pia. Nikamwambia yote: mlangoni, mnadani, kipandikizi.

Hakushtuka. Akameza soda yake.

"Baba," akasema, "mume akinyolewa nywele, mke atamsahau?"

"Ulijua?"

"Tangu Chaula alipomnyanyua. Lile kovu la shina, alitafunwa na mbuzi mwaka wa kwanza."

"Sasa mbona ulimnunua, Bibi? Na mbona ukanirudishia mimi?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye cheti.

"Ulitaka nimwache mume wangu aolewe na kwaya?" akasema. "Na alikuwa bado mgonjwa. Mgonjwa anarudishwa kwa nani, kama si kwa daktari wake?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na baada ya kucheka kuisha machozi yaliendelea. Akanipigapiga goti kwa bakora, akaomba apelekwe nyuma ya stoo kumwona mtoto. Alimshika majani, akamsemesha Kihehe kidogo, akaondoka.

Hivyo basi mwongozo wangu ni huu. Mwiko nimeuacha kwenye msumari nyuma ya mlango. Ua likiumwa, litazameni miguuni. Na kwenye ndoo nyeusi nyuma ya stoo yuko Lameki Mdogo: mpeni udongo ulioiva, mgeuzeni mara moja kwa msimu, na Jumapili ya mavuno mfungieni ndani.